Pateni Yako ya Kanzu na Kidonge cha Zaituni

Shikamoo, Fundi.

Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai ulikuwa huitikii mpaka ufike mwisho wa mshono. Mtu anasimama mlangoni na shikamoo yake, anasubiri kama mtu wa foleni ya kliniki. Kwa hiyo nimezoea, naendelea.

Nina mambo mawili ya kukueleza, na nimejaribu kuyatenganisha nikashindwa. La kwanza ni pateni yako ya kanzu, ile karatasi yako ya kukatia. La pili ni Zaituni, binti yako na mke wangu, aliyeugua saratani ya damu baada ya wewe kuondoka. Najua unataka la pili kwanza. Lakini bila la kwanza sitaweza kukueleza la pili, nawe ukielezwa jambo nusu ulikuwa unamrushia mtu chaki.

Ziwa lilipanda, Fundi. Si kama ule mwaka uliokuwa ukiusimulia. Hili lilipita ufukweni likaja Ujiji kwa miguu yake, likaingia kibandani bila hodi. Cherehani tuliziwahi. Pateni zilizoning'inia kwenye misumari ya chini hatukuziwahi. Ile ya kanzu, uliyoikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, niliiokota ikiwa uji. Nilikaa juu ya meza nimeishika. Zaituni akaniuliza, "Unalilia karatasi au unamlilia baba?" Nikamwambia vyote.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituachia tunakili? Mtu akimaliza kujifunza, unampa pateni yako, karatasi na penseli, halafu unasimama nyuma yake: "Nakili, usibuni." Basi nikawaza kwamba pateni yako haijafa, imetawanyika tu. Nakala yangu nilikuwa nayo. Nikaenda kwa wanafunzi wako wengine wawili: Simbo kwa Ndayi, kisha Kidahwe kwa Bahati, ambaye aliponiona alinisalimu kwa Kiha, akipaza sauti barabarani, "Mwakeye, mkwe wa Fundi! Umesahau kazi, umekuja kuibia?" Nikamwambia ndiyo, na niletee chai.

Nikaziweka zote tatu, moja juu ya nyingine, nikazinyoosha kwenye mwanga wa dirisha, mchana. Pale ambapo mbili zinakubaliana na moja inakataa, ile moja ndiyo imekosea. Ndayi alipunguza shingo, nadhani kwa sababu yeye mwenyewe hana. Bahati alipitisha penseli nje ya mstari, mikono yake ikanenepa. Mimi nilikosea mfuko, na hilo tuliache. Lakini kwenye zote tatu bega la kushoto lilizidi la kulia kwa upana wa kidole. Hapo nikajua limetoka kwako. Ulituambia ndiyo siri ya kanzu kukaa. Fundi, nimeipima. Ni kosa. Tena si lako: nilimwomba mzee mmoja wa huku kwetu anionyeshe kanzu yake kuukuu iliyoshonwa na mwalimu wako, nikaikuta na bega lilelile. Ulinakili, hukubuni. Nimekusamehe.

Nikachora upya pateni yako kamili, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa nayo, nikashona. Mteja wa kwanza alijitazama kwenye kioo akasema, "Hii sasa ni ya marehemu Fundi." Siku hiyo nilifunga kibanda mapema kwa kujisikia.

Sasa Zaituni.

Ilianza kwa uchovu na tumbo kujaa upande wa kushoto. Watu walisema bandama, malaria ya zamani, wengine wakanipongeza kwa mimba. Kipimo cha damu kikaonyesha chembe nyeupe zimejaa kama dagaa kwenye turubai. Tukapelekwa mbele, kwenye hospitali kubwa, na daktari mmoja mwenye subira akatueleza. Ndani ya kila seli kuna maandishi ya jinsi ya kutengeneza mwili, akasema. Kwa Zaituni, vipande viwili vya maandishi hayo vilikatika vikaungana mahali pasipo pake. Mimi nikaona kabisa: mtu amechukua bega la kanzu akalishonea kwenye kiuno cha suruali. Kutokana na kosa hilo kukazaliwa kimeng'enya kisichozimika. Vimeng'enya ni mafundi wadogo wa ndani ya seli, kila mmoja na kazi yake, na huyu kazi yake ni kutoa amri: gawanyika. Mwenye afya hutoa amri na kunyamaza. Huyu hanyamazi.

Akapewa kidonge, kimoja kila siku. Nyumbani akaniuliza kinafanya nini. Fundi, hapa ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu, na ni kosa la fundi cherehani. Nikamwambia, "Kinashona palipochanika."

Nilikuwa najisifu, nimepata maneno mazuri.

Baada ya miezi kadhaa tumbo likarudi mahali pake. Akanenepa, akaanza kunitukana kama zamani, nikashukuru Mungu. Halafu siku moja natafuta vifungo vya shati, nafungua kopo, nakuta vidonge. Vingi. Nikamwita. Hakuona hata aibu. "Si ulisema kinashona? Nguo ikishashonwa unaishikilia ya nini? Baba hakukufundisha?"

Ungekuwepo ungecheka, halafu ungenipiga kofi.

Maana kidonge kile hakishoni, Fundi. Kinapiga bandi. Kinashikilia tu, kama ule uzi mweupe mrefu tunaoupitisha kitambaa kisiteleze kabla ya cherehani. Ukiuvuta, kila kitu kinafunguka. Nililijua hilo kwa daktari, aliposema "kinazuia", nami njiani nikalibadilisha kuwa "kinashona" kwa sababu lilisikika vizuri. Neno moja, na mwanao akaacha dawa.

Tulirudi kupima. Chembe zilikuwa zimeanza kupanda tena. Daktari hakugomba, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema arudie kidonge mara moja, na damu nyingine ipelekwe mbali ikapimwe kimeng'enya chenyewe, kama kimebadilika. Nikauliza kubadilika vipi. Akasema seli zinapogawanyika zinanakili maandishi yake, na katika kunakili hutokea makosa. Mengi hayana maana. Lakini linaweza kutokea kosa moja, hasa ugonjwa ukiachiwa nafasi, likageuza umbo la kimeng'enya, na kidonge kisipate pa kushika. "Tusubiri majibu," akasema.

Tukasubiri wiki nyingi. Ndani ya wiki hizo nilisoma. Unanijua, shule niliiacha darasa la saba, lakini simu ina kila kitu na mimi nina kiburi. Nilikuwa nasoma kibandani wateja wakiondoka, na yule daktari nikimtumia maswali mpaka akaniuliza kama kweli nashona.

Nikakuta kwamba vimeng'enya hivi vya kutoa amri ni ukoo mmoja, mkubwa kuliko wa Waha wote. Hata hamira ya maandazi ina vyake. Tena kimoja cha binadamu kinachosimamia kugawanyika, wataalamu walikiingiza kwenye hamira iliyoharibikiwa na cha kwake, hamira ikaendelea na maisha. Nilimwambia Zaituni. Alikuwa anakanda unga wa maandazi, akautazama kwa mashaka, akasema, "Sasa huu ni shemeji?"

Kila kimoja katika ukoo huo kina mfuko, ndiyo, mfuko kama wetu, ambamo kinapokelea nguvu za kufanyia kazi. Kidonge cha Zaituni kinaingia kwenye mfuko huo na kuuziba. Ndipo nikapata hofu: kama wote ni ndugu na wote wana mifuko, si kidonge kitawaziba wote? Lakini hapana. Kwa kimeng'enya hiki kinashika barabara; kwa ndugu yake wa karibu, mwenye mfuko unaofanana naye kama mapacha, kinateleza. Wataalamu walikuna vichwa miaka mingi.

Na unajua walifanyaje? Fundi, nilisimama nikapiga meza. Walichukua maandishi ya vimeng'enya vilivyo hai leo, vya viumbe mbalimbali, wakaviweka kimoja juu ya kingine. Palipokubaliana, pametoka kwa babu. Palipotofautiana, wakahesabu nani alipotoka kwenye mstari na lini. Wakamchora babu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, aliyekufa kabla hakujawa na samaki hata mmoja ziwani, wakamtengeneza upya wakampima na dawa. Kisha wakawatengeneza watoto wake na wajukuu, hatua kwa hatua. Wakaona uwezo wa kushikwa na kidonge kile haukuja siku moja. Ulijengeka kidogo kidogo, kwa makosa madogo ya kunakili, mengine mbali na mfuko wenyewe. Tofauti kubwa haiko kwenye mfuko, iko kwenye namna kitambaa kinavyojikunja mkono, yaani kidonge, ukishaingia. Kimoja kinaukunjia mkono kikaung'ang'ania, ndugu yake anabaki wazi.

Mimi nilifanya hivyohivyo kwa karatasi za saruji, na chai ya Bahati.

Nilimweleza Zaituni yote hayo juu ya meza ya kukatia, kwa pateni tatu, na safari hii sikupamba. Nikamwonyesha bega la kushoto: kosa la mtu tusiyemjua, limenakiliwa mpaka kwetu. Nikamwambia kidonge chako kinashika kwenye kitu cha namna hiyo, umbo lililopatikana kwa bahati zamani sana, na huko ndani seli zinaendelea kunakili. Nikampigia bandi kipande cha kitambaa, nikamwambia avute uzi. Akavuta. Vipande vikaachana. Akasema, "Kwa hiyo ulinidanganya."

Nikasema ndiyo.

"Ungesema hivi tangu mwanzo ningeelewa. Mimi ni mtoto wa fundi."

Nikauokota uzi sakafuni.

Majibu yalikuja wiki iliyopita. Kimeng'enya hakijabadilika. Kidonge bado kinashika, na hesabu ya chembe imeanza kushuka tangu alipokirudia. Daktari alituonyesha karatasi, akaeleza mara mbili, na mara hii niliandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kutia nakshi. Atakimeza kwa miaka, huenda maisha yake yote. Zaituni aliuliza kama anaweza kurudi kazini kibandani. Daktari akasema hata kesho. Akarudi siku ileile, mchana; nilikuwa nimemtangulia, akanikuta nimekata kola vibaya, akanifukuza kwenye meza yangu mwenyewe.

Sijui huko uliko wanavaa nini. Kama ni kanzu, nina hakika umeshaanza kulalamika juu ya mshono.

Zaituni amekuja hapa nyuma yangu sasa hivi, anasoma bila ruhusa. Ameuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesoma mpaka hapa, ameguna. Anasema nikwambie kwamba yeye hajambo, na kwamba lile neno "kiburi" nililojiita ndilo pekee nililoliandika kwa uaminifu.

Lala salama, Fundi. Tunakuombea kila Ijumaa, na siku nyingine tukikosea mshono. Naahidi neno moja tu: chochote daktari atakachosema kuhusu mwanao, kizuri au kibaya, kitamfikia kama kilivyosemwa. Kikiwa kigumu nitakaa naye mpaka akielewe, lakini sitakipunguza wala kukiongeza.

Ameshika glasi ya maji, anataka nimtazame akimeza. Namtazama.

Mkweo, na mwanafunzi wako.