Mheshimiwa Alivua Viatu

Mishi! Kaa kitako kwanza, ndipo usome. Mheshimiwa Idarus katoka hapa kwetu Mtopanga sasa hivi. Kikombe chake cha kahawa bado kina moto.

Waikumbuka siku ile ya mkutano, kabla ya kura? Wagombea wawili, mkeka mmoja. Mwalimu Charo akaukanyaga na viatu vyake, akasema nyumba zetu zimo kwenye ardhi ya wenyewe, na bila sheria mpya tutafukuzwa. Kila alichoulizwa alijibu. Sisi twatazama viatu.

Na Idarus? Akavua vyake, akabusu mikono ya wazee, akauliza hali za wagonjwa. Kuhusu ardhi akasema, "Inshallah kheri." Basi! Inshallah kheri! Tukapiga vigelegele, wallahi mimi wa kwanza, na kura zote tukampa. Usikane, hata wewe.

Leo kaja na mwenye shamba. Kavua viatu mlangoni. Kamwamkua mama shikamoo, kauliza goti lake laendeleaje. Kisha, kwa upole kama mtu aliyekuja kuposa, akasema shamba limeuzwa, tubomoe nyumba kabla ya sherehe za Uhuru.

Tubomoe, Mishi. Wenyewe, kwa mikono yetu. "Inshallah kheri," akatuaga.

Nikamgeukia mama nikidhani analia. Kumbe amesimama mlangoni, anamtazama mheshimiwa akivaa viatu.

"Lakini ana adabu," akasema. "Yule Charo angeingia navyo."