Mashine Uliyonichagulia kwa Sikio

Mpendwa mjomba,

Nimemwomba anti, ambaye ndiye macho yako tangu yako yazime, akusomee barua hii baada ya chakula, mbele ya kila atakayekuwa mezani, na asiruke neno. Namjua, ana tabia ya kuruka mabaya. Anti, safari hii usinisitiri. Nilimkosea mjomba mbele ya watu, basi na haya nayasema mbele ya watu.

Unakumbuka siku ya mashine? Wewe ulikuwa umesharudi Vihiga, macho yameshakufukuza kwenye kibanda chako cha saa pale chini ya ngazi, katikati ya jiji la Nairobi. Mimi nilikuwa nimehamishia kazi nyumbani Woodley, kwenye kile chumba cha nyuma nilichokuwa nikianikia nguo. Nilikuwa nimechoka kusugua magurudumu ya saa kwa mswaki na petroli jinsi ulivyonifundisha. Kichwa kilikuwa kikiniuma, na majirani walianza kuniuliza kama nauza mafuta. Nilitaka mashine ndogo ya kuoshea, ile ya beseni la chuma inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti, mpaka uchafu unatoka wenyewe hata kwenye meno ya gurudumu ambayo mswaki haufiki.

Dukani mjini walinipangia tatu juu ya kaunta. Moja ya plastiki, nyepesi, ya bei rahisi. Nyingine ya lita mbili, imejaa taa utadhani ni harusi. Ya tatu ilikuwa ya chuma, haifiki hata lita moja, na kikapu chake kidogo ndani. Mimi nilikuwa nimeshaipenda ya lita mbili. Nikwambie ukweli, niliitaka ionekane na wateja wangu matajiri wa Muthangari, wale wanaoleta saa za babu zao na kuniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso. Nikakupigia simu nikitumaini utaniunga mkono. Ukaniambia niwashe moja moja na nisogeze simu.

"Hiyo ya kwanza inanguruma tu," ulisema. "Iko na mota ndani. Itatingisha maji, haitaosha kitu."

Ya pili uliniuliza kwanza ninaosha saa za wateja wangapi kwa siku. Nikasema wawili, ama watatu. Ukacheka, ukataka kujua kama natafuta mashine ya saa ama ya sufuria. Ya tatu ulitaka niisogeze simu karibu zaidi.

"Hiyo iko na sauti ya mafuta kwa kikaango. Chukua hiyo. Lakini weka kipande ya foili ndani uone, usiniamini mimi peke yangu."

Nikatumbukiza kipande cha foili, ile ya kufungia chakula, kwa dakika moja, kikatoka na vitundu vidogo vidogo kama kimeliwa na wadudu, ishara kwamba mawimbi yanafanya kazi. Muuzaji akasema mzee huyo akipita Nairobi nimpeleke dukani. Nilivimba kichwa kana kwamba masikio yale yalikuwa yangu.

Kabla hujakata simu ulinikumbusha niulize kabla ya kuosha. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yako. Hakuna mteja uliyewahi kupokea saa yake bila kumuuliza kama kuna kitu ndani hataki kitoke. Wengi walicheka. Lakini nilikuwepo siku ile mama mmoja aliposema ndiyo, chini ya kifuniko kuna unywele wa mtoto wake. Uliutoa kwa kibano, ukaukunja kwenye karatasi, na kazi ilipoisha ukaurudisha mahali pake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikaona kwa macho yangu mawili.

Kisha ukanitumia saa yako ya mfukoni, kwa mkono wa jirani aliyekuwa akija Nairobi, ili mashine ianze na yako. Nami sikukuuliza. Nilijiambia wewe ni wa nyumbani, na wa nyumbani haulizwi. Nilipotoa ule uso wake mweupe wa kauri niliona vivimbe vitano vya manjano karibu na namba, vigumu kama gundi ya zamani. Nikaona ni uchafu. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, dakika tano. Vitatu vilitoka vyenyewe, viwili nikavimaliza kwa kijiti na spiriti. Nilipiga video ya kabla na baada, nikaiweka kwenye status ya simu yangu, na watu wakanipigia makofi siku nzima. Saa ilitoka inang'aa kama sahani ya wageni.

Pasaka nikaja nayo nyumbani, nikakukabidhi. Tulikuwa mezani, kuku bado ana moto, na mtu akauliza ni saa ngapi. Swali hilo kwenu lilikuwa lako. Ilikuwa raha yako kufungua kioo kwa ukucha, kupapasa mishale, na kutaja hata dakika. Siku hiyo ulipapasa, ukapapasa tena, ukasema saa tisa. Ilikuwa saa saba. Ukageuza uso ukautafuta upande wangu.

"Kageha, kuna kitu ulitoa humu?"

Mjomba, nilijua papo hapo. Vile vivimbe vitano vilinijia kimoja kimoja, nikaelewa vilikuwa vya nini na nani aliviweka. Nafasi ya kusema ndiyo ilikuwepo. Lakini binamu zangu walikuwa wametoka tu kunisifu kwa ile video, na mimi nimekaa pale fundi wa ukoo mzima.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Labda ni vidole."

Mmoja wao akacheka, akasema uzee hauna dawa. Wewe ukafunga kioo taratibu, ukasema, "Huenda." Kisha ukaomba mboga.

Nilijidanganya kwamba umesahau. Baadaye anti akanipigia simu, akasema umeacha kutengeneza zile saa za ukutani za majirani, ambazo mpaka juzi ulikuwa ukizifungua na kuzifunga kwa kupapasa tu. Alisema hata kamba za viatu unaomba ufungiwe, kwa kuwa mikono yako imekufa. Unajua nilijibu nini? Nilisema pole. Nikasema pole, nikarudi kwenye mashine yangu. Naona haya kuliandika hilo kuliko yote mengine.

Wiki iliyopita nilipokea furushi. Bisibisi zako zote, kibano, nyundo ndogo, vyote vimefungwa kwenye kitambaa cha kazi, na karatasi ambayo anti ameandika maneno yako: "Apewe aliye na vidole." Niliketi sakafuni na furushi mapajani, nikalia kilio cha mwizi aliyeletewa vilivyobaki.

Ndipo nikamuuliza anti habari za uso wa saa. Akanieleza kwamba daktari alipokwambia macho hayatarudi, ulikwenda Kenyatta Market ukanunua rangi ya kucha ya maji maji, isiyo na rangi, na wasusi wakakutania sana wakitaka kujua huyo dada ni nani. Akaniambia ulivyokaa dirishani siku tatu, na ile nuru kidogo iliyokuwa imebaki, ukiweka nukta: moja kwenye tatu, moja kwenye sita, moja kwenye tisa, na mbili kwenye kumi na mbili. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho uliyoifanya ukiona. Mashine haina kosa, ulinichagulia iliyo njema. Mwenye mdomo wa kuuliza nilikuwa mimi.

Vifaa vyako vinarudi pamoja na barua hii. Sivistahili, na wewe bado unavihitaji. Sikuombi unisamehe leo, maana mzee hasukumwi. Jumamosi nitakuja na chupa ya rangi ya kucha. Ukikubali, utanionyesha kwa kidole pa kuweka kila nukta, nami nitaweka hapo tu. Ukikataa, nitamsaidia anti kuosha vyombo na nitarudi Nairobi.

Kaa salama, na wote walioko hapo mezani wakae salama. Anti, haya ya mwisho yasome polepole. Mjomba, Pasaka ile ulipapasa saa, ukahisi kuna kitu kimetolewa, ukauliza swali la haki, ukamuuliza mtu anayehusika. Vidole vyako vilisema kweli. Aliyedanganya ni mimi,

mpwa wako.