Nimechagua Jarife, Mama

Likasi, Kongo, Jumapili, tarehe 3 Agosti.
Mwaka wa tatu huu tangu nitoke nyumbani.

Mama,

Amani iwe juu yako huko ulipo. Barua huanza kwa kuuliza hali, na ya kwako sina wa kumuuliza. Yangu ni hii: mgongo unauma, kifua ni kizima, na leo hatukupakia gari. Nimekaa uani kwa Mama Odette, mwenye nyumba wangu hapa Kikula, nimeegemea ukuta unaopata jua, maana kiangazi cha huku kina baridi asubuhi, na vumbi jekundu limepanda hadi kwenye majani ya mpapai. Nakuandikia kwa sababu simu hukuipenda. Ulikuwa ukisema, "Simu naisikia mara moja tu, barua naisoma na kesho." Uliisoma elimu ya watu wazima ukiwa na mimi mgongoni, ukaniambia kwamba hata mimi nilisoma siku hizo, nikiwa usingizini. Labda ndiyo maana shule yenyewe iliponishinda darasa la sita hukunigombeza sana.

Kazi yangu uliijua kwa jina. Nipo mtaa wa Panda, kwenye uwanja ambapo malori ya kwetu yanakuja kuchukua mabamba ya shaba kupeleka Dar es Salaam. Sisi tunapakia, tunafunga minyororo, tunavuta turubai juu. Kuna kitu kimoja sikukwambia, nilidhani utanicheka. Dereva akiachia breki, gari linatoa upepo: fuuuh. Ni ile pumzi, mama. Ni ile ile ya pomboo akiibuka nyuma yako ukiwa umeinama kwenye mwani. Siku ya kwanza kuisikia nilikuwa juu ya tela, nikageuka haraka kumtafuta. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa matofali na bomba la moshi la kampuni ya zamani, halina moshi. Wenzangu wakauliza, "Papa Salumu, unatafuta nani?" Nikasema hakuna. Tangu siku ile malori yanapumua, nami nageuka.

Habari yako ilinikuta hapo hapo, turubai mkononi. Mdogo wangu Athumani alisema maneno mawili akashindwa, simu akaichukua baba mdogo Shaibu. Kabla sijashuka kwenye tela ulikuwa umeshaoshwa. Kabla sijafika Kikula ulikuwa umeshalala. Kwetu tunazika upesi na ni vizuri, lakini aliye mbali anabaki na mikono mitupu.

Nilimwambia Mama Odette ili tu asiniwekee chakula. Ni mjane, mumewe alifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya Panda. Akaweka chini beseni lake la sombe, kisamvu chao, akanitazama. "Huku kwetu muntu halilii mama yake yeye moya," akasema, akatoka. Jua halijazama uani palikuwa pamejaa: viti vya kuazima parokiani, mikeka, jiko la makaa, watu ambao hawajawahi kukuona wala kuiona bahari. Waliimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini, wakanyamaza nilipokusomea dua, kisha wakaniuliza juu yako, maana hawawezi kumlilia mtu wasiyemjua.

"Mama alikuwaka anafanya kazi gani?"

Nikasema ulilima mwani. Nikaeleza ni majani ya baharini, unayafunga kwenye kamba, unasimama majini hadi kiunoni.

"Analima mu mayi!" Wakacheka, wakaziba midomo, wakakumbuka ni kilio.

Nikaendelea, sijui kwa nini. Nikawaambia ulikuwa na wageni wako huko majini, pomboo wenye nundu, na kwamba siku walipopita ulirudi nyumbani ukiimba. Wakataka kujua pomboo ni kitu gani. Nikasema ana umbo la samaki lakini si samaki, anavuta pumzi, anazaa, ananyonyesha.

Fundi wa baiskeli wa jirani akasema, "Papa Salumu, uko mu kilio ya mama yako, na bado unatudanganya?"

Basi akainuka Papa Ilunga, ambaye siku zake za mapumziko alizimaliza akivua kwenye mto Lufira, upande wa Mwadingusha. "Nyamaza weye! Kiboko ananyonyeshaka mutoto mu mayi. Minye nilionaka, na macho yangu."

"Ulionaka maziwa ao ulionaka pombe?" Mama Odette akamwuliza.

Uani kote wakacheka, nami nikacheka, mama, siku ya mazishi yako. Naamini ungecheka kuliko sote.

Baada ya hapo walisikiliza. Niliwaambia yale uliyotuambia, mengine uliyoyaona na mengine uliyoambiwa na yule binti wa utafiti aliyekuja kijijini kupiga picha mapezi. Kwamba hawa si wale wanaoruka mbele ya mashua kule nje ya miamba. Hawa ni wa pwani tu, wanakaa maji mafupi yenye tope, karibu na mikoko, na wanaona haya kama wageni wa harusi. Bahari kubwa wanayo, hawaitaki. Ndiyo maana kila tunachokifanya ufukweni kinawapata: baruti, mashua za injini, na zaidi ya yote nyavu. Kwamba jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mmoja, kisha hukaa naye miaka kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo wakifa wachache hawajazi upesi pengo lao. Kwamba husikia kwa taya, sauti inapita kwenye mfupa. Na kwamba hulala nusu. Nusu ya ubongo inalala, nusu inakesha ili akumbuke kwenda juu kuvuta pumzi.

Hilo la kulala nusu walilipenda. Mwanamke mmoja akasema ndivyo anavyolala tangu mumewe aende machimboni.

Kisha nikawaambia habari ya jarife la baba. Walikuwa hawajui jarife, nikasema ni wavu mrefu wa macho makubwa, unategwa unaachwa majini, wa kuvulia papa na taa. Pomboo akinaswa hawezi kupanda kuvuta pumzi, anakufa maji kama mtu. Nilikuwa darasa la tano. Athumani alikuwa mchanga, ulimwacha kwa bibi ukaja kwenye mwani. Baba alilivuta jarife mlangoni mwa mto, pale mikoko inapoishia, akatoa kitoto cha pomboo kimeshakufa. Ukakipokea. Ulikifungua mdomo kwa kidole, na maziwa yakatoka, meupe, yakaingia majini kama moshi. Saa ya kumnyonyesha Athumani ilikuwa imepita, blauzi yako ilikuwa imelowa kifuani. Kilipoachiwa majini, mama yake akaja akakisukuma juu kwa pua. Kikizama anakisukuma tena. Maji yakapwa, yeye bado anakifundisha kupumua. Ukamwambia baba, "Mume wangu, hili jarife likirudi majini, mimi sirudi ndani ya nyumba yako." Baba hakumwogopa mtu, lakini siku ile ile alilipandisha darini, akashika mishipi hadi kufa kwake.

Mama Odette akachochea makaa. Halafu akauliza, "Na ile wavu, sasa iko wapi?"

Mama, sikuwa nimefikiria. Ulipokuwa hai hakuna aliyeuliza, kwa sababu ulikuwepo wewe, chini ya dari ile, unapika.

Kesho yake nilimpigia Athumani. Alikuwa ameshalishusha. Alikuwa amelitandaza juani anashona palipotobolewa na panya. Hakunificha. "Papa wanaingia mlangoni msimu huu, kaka. Mwani haununuliki. Nina watoto, na pomboo hawanilishii watoto. Wewe unaota huko, mimi naamka hapa." Alisema kweli. Mdogo wangu si mtu mbaya, unamjua. Ningeamuru kama mkubwa, angesema "sawa kaka", na simu ikikatika angeendelea kushona. Amri ya mtu aliye mbali haina uzito.

Siku zile nilianza kulala kama wale pomboo. Nusu yangu ilikuwa Likasi, inasikia treni na jogoo wa Mama Odette, na nusu ilikuwa kwetu. Niliwaona wakija barabara ya Panda, kati ya nyumba za zamani za wafanyakazi, wachache, taratibu, nundu zao zikikata vumbi kama kwamba vumbi ni maji. Hawakushangaa kuwa huku. Walipita kwenye kambi, wakapita sokoni Kikula juu ya vichwa vya wauza samaki wakavu, na kila mmoja alipopumua, nguo zilizoanikwa zilitikisika. Nilitaka kuwafuata lakini nilikuwa nimeshika kamba ya turubai, na turubai halikuwa na mwisho. Wewe ulikuwa mbele, umesimama hadi kiunoni katika kitu ambacho sikukiona. Hukugeuka. Nilijua hujakasirika, unafanya kazi tu.

Basi ikafika arobaini. Baada ya hitma walikaa kugawa, vya baba pamoja na vyako, maana vya baba havikuguswa ulipokuwa hai. Wakanipigia, simu ikawekwa katikati ya mkeka ili wote wasikie. Baba mdogo Shaibu akasema nyumba ibaki yetu sote. Yaliyobaki ni minazi ya nyuma ya msikiti na vyombo vya kazi. "Salumu, wewe mkubwa. Taja kwanza."

Nikasema, "Nataka jarife."

Mtu mmoja akacheka. Athumani akasema, "Kaka, umelogwa huko Kongo? Wavu wa panya huu!"

"Na fungu lako la minazi?" baba mdogo akauliza.

"Yote apewe Athumani. Jarife lilale mpaka nije."

Nikamsikia sheikh akisema, fungu lake, hiari yake. Ndivyo ilivyokwisha. Sasa ni mali yangu, na unajua kwetu: hakuna mtu atakayeingia majini na wavu wa ndugu yake aliyemkataza. Hatapata wa kumsaidia kuvuta, na samaki wenyewe ataona haya kuwapeleka kwa wanawe. Amri yangu isingemzuia, mali yangu inamzuia.

Usidhani nilifanya kwa wepesi. Minazi ile ndiyo iliyokuwa uzee wangu. Nikiwa juu ya tela mgongo ukigoma, nilikuwa naipanda mmoja mmoja kichwani, najua upi una madafu matamu na upi una mchwa. Baada ya simu ile nilikaa kitandani, nikaona nimekuwa mtu asiye na kivuli. Nilipomsimulia Mama Odette alipiga makofi, "Vraiment, kweli? Uliacha miti, ukakamata wavu? Basi leta hapa, tutafungia kuku." Kisha akanipa bakuli la bukari, ugali wa huku, na akaongeza samaki.

Athumani alikaa muda mrefu bila kunipigia. Juzi akanitumia sauti yake. Ndani yake mna maji na vicheko vya wanawake wa mwani. Anasema: "Kaka, wamekuja. Wapo na kitoto. Kina mikunjo ubavuni kama nguo iliyotoka sandukuni." Najua maana yake, ulinieleza, ni mikunjo ya tumboni, kitoto ndio kwanza kimezaliwa. Maji yakapiga. Halafu akasema, "Njoo uchukue mali yako. Watu wananiuliza kila siku kwa nini limelala. Mimi nina njaa, kaka, na si mlinzi wako."

Nimeisikiliza mara nyingi. Sauti yake haina ugomvi. Ananiomba nimwondolee mtihani huu.

Kwa hiyo nimeshamwambia msimamizi atafute mtu mwingine wa turubai. Alhamisi kuna gari la dereva wa Tanga, amekubali nikae kando yake. Nitalifunga turubai kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nipande. Kuna foleni ya mpakani Kasumbalesa, ambayo haina adabu, kuna Zambia yote, kuna Tunduma. Mama Odette amesema atanichomea mihogo ya njiani, na anataka nimletee picha ya mnyama mwenyewe, ili amfunge mdomo fundi wa baiskeli.

Hii ndiyo ahadi yangu, mama. Jarife nitalikata mbele ya Athumani, bila maneno. Kamba zake na maboya nitampa mkewe afungie mwani. Macho ya wavu nitayafukia juu kabisa, mbali na maji. Na asubuhi yake nitakwenda nyuma ya msikiti kumwomba mdogo wangu kazi, nimwangulie nazi zake kwa ujira kama kibarua yeyote, ili asiwe na njaa na mimi nisiwe na deni la njaa yake.

Lala salama, mama. Lala mzima, si nusu, wa kukesha tupo.

Mwezi ukiandama nitakuwa nimefika, Mungu akipenda. Kwa bamvua hilo, maji yakipwa mbali asubuhi, nitashuka mlangoni mwa mto, jarife begani, nilikate pale pale lilipokinasa kile kitoto.

Mwanao,
Salumu