Kichupa cha Pili

Kiang, 9 Februari 2004

Mwanangu Nyima,
Hujambo huko Brikama? Huku sote wazima, na mwanao Sanna ni mzima kutushinda wote. Ndiyo maana naandika. Watu wa utafiti, hao wenzako, wamekuja tena kumtoa damu. Mtoto anamaliza bakuli zima la mchuzi wa karanga, domoda, na kudai jingine! Mgonjwa hutolewa damu, naelewa. Mzima je? Kumba wa jirani anasema inauzwa Ulaya. Nimewaambia Sanna kaenda kwa shangazi yake. Alikuwa chini ya kitanda.
Mama yako, Hawa

Brikama, 20 Februari 2004

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, ila umenitia aibu. Sanna nilimwandikisha mwenyewe, kwa hiari yangu.
Damuni mna chembe za ulinzi, kama askari. Kwa mtoto mchanga ni nyingi mno, lakini bado ni makuruta, hazijaona adui. Kila homa, kila tope analotia mdomoni, zinajifunza, na baadhi hazisahau. Anavyokua idadi inapungua, ujuzi unazidi. Lakini viwango vya kawaida tunavyotumia vilitoka kwa watoto wa mbali. Juzi hapa kitoto cha miezi mitatu kimechomwa sindano siku kumi, kisa chembe zake zimeonekana nyingi. Kumbe kizima! Tusipowajua watoto wetu wakiwa wazima, tutawajuaje wakiugua?
Binti yako, Nyima

Kiang, 1 Machi 2004

Nyima,
Salamu nyingi. Barua nimeisoma mara mbili, na hilo la kuruta nimelipenda. Lakini mwaka jana nilikuwepo, nikaona: kila mtoto, vichupa viwili. Askari wanahesabiwa kwenye kimoja. Cha pili cha nini? Wewe tangu mdogo, ukiwa na la kuficha unajibu swali moja na kuliruka jingine: la kuuzwa Ulaya hukuligusa.
Mama

Kiang, 26 Aprili 2004

Nyima,
Hujambo? Wiki nane kimya. Kumba ananicheka: "Binti yako keshakula nao." Niandikie, nipate la kumwambia.
Mama

Brikama, 11 Mei 2004

Mama,
Shikamoo, na unisamehe. Sikuwa nimekuficha kitu, nilikuwa sijui. Nilidhani cha pili ni akiba, cha kwanza kikiharibika. Nikamuuliza mkuu wetu, Daktari Sowe. Akaniambia, "Nyima, fanya kazi yako." Hapo ndipo na mimi nilipoanza kushuku. Nikatafuta kwenye mafaili. Vichupa vya pili vimo kwenye friji, vimeahidiwa utafiti mwingine, ng'ambo. Haviuzwi, na hakuna mtoto aliyedhurika. Lakini hakuna mzazi aliyeulizwa, hata mimi. Nimeipelekea kamati ya maadili nakala. Tangu Jumatatu nimeambiwa nikae nyumbani.
Nyima

Kiang, 2 Juni 2004

Mwanangu,
Unakula? Unalala? Nijibu hilo kwanza.
Jana Daktari Sowe alikuja na mzee mmoja wa kamati. Wanawake tulijaa uani kwangu, Kumba mbele kabisa. Daktari aliomba radhi, akasema vichupa vya pili havitakwenda popote bila idhini yetu, nyumba kwa nyumba. Mimi nikasimama. "Hesabu ya askari iendelee. Yule mchanga aliyechomwa bure kanitoa machozi. Lakini aliyewafanya mje hapa yuko wapi?"
"Nyima yuko likizo, mama."
"Likizo aliomba lini?"
Akatazama viatu vyake. Yule mzee akamgeukia: "Mjibu mama."
Sikungoja. Nikawaambia mkono wa mtoto wa hapa hautaguswa na sindano mpaka aishike Nyima. Kumba akapiga makofi, na uani kote wakaitikia. Mzee ameyaandika yote, nami nimemwambia ayasome kwa sauti, maana bado siwaamini.
Gari lao linarudi Jumatatu. Usipokuwemo, litageuza.
Mama yako, Hawa