Programu ya Disketi Tuizime Lini?

Mpendwa Ma Kokwijuka, naomba ushauri wa safu yako kabla sijakosana kabisa na Philbert, rafiki yangu wa tangu sekondari, maana mimi na yeye tuliandika programu ya kompyuta ya kutunza tarehe za wagonjwa kuchukua dawa za kurefusha maisha, zile ambazo mama yangu hakuzikuta, tukaiachia huria, yeyote aichukue bure na kuirekebisha, ikapokelewa vizuri, na sasa zahanati karibu zote zinatuma tarehe zao kwa intaneti, lakini ile sehemu ya zamani inayosoma disketi bado imo, na kila tukiongeza jambo jipya inaharibika, Jumapili yangu nzima inaishia hapo, mchumba wangu Paskazia amechoka kwenda kanisani peke yake, na Philbert anasema, "Tuifute. Tulitangaza kwenye mtandao, nani alipinga?" Kweli hakupinga mtu, nikakubali tuifute mwisho wa mwezi.

Juzi niko bandarini Kemondo nikamwona Ma Anatolia, muuguzi wa kisiwa kimoja cha Muleba, anashuka kwenye boti, sanduku la kompyuta kalibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Akaniambia, "Ta Rugaibula, waitu, ndugu yetu, Omary mchuuzi wa dagaa, anayekuletea disketi zetu, kasema zinakufa. Nimeileta itibiwe." Nilicheka, kisha nikaona haya, nikamwambia arudi nayo salama, haitazimwa kamwe. Tangu hapo Philbert hanisemeshi. Niifute au niiache?

Rugaibula, Miembeni, Bukoba

Rugaibula mwanangu, pole, ingawa nimecheka mpaka nikaweka kikombe chini.

Mlitangaza kwenye mtandao kwa watu wasio na mtandao, halafu mkaona kimya chao ni ndiyo. Mama wa watu asikie habari hiyo kwa mchuuzi wa dagaa? Hapo mmekosea wote wawili.

Lakini Philbert ana hoja, na wewe "kamwe" yako ilikuwa uongo wa kumpendeza mtu. Ukiugua, au ukihamia Mwanza, nani ataitengeneza? Disketi zenyewe madukani zinaadimika. Siku itakapokufa bila taarifa, wa kukosa dawa ni wagonjwa wa kisiwani, si ninyi.

Kwa hiyo izimeni, ila kwa adabu. Sehemu mpya ifundisheni kusoma flashi, Omary ataibeba vilevile. Nendeni mkaiweke kwa Anatolia, ya zamani iendelee kando yake, na tarehe ya kuzima mpange naye. Mkiona tarehe zinafika sawasawa mpaka siku hiyo, futeni, wala usiirudishe kwa huruma.

Mwombe Anatolia radhi kwa ile "kamwe". Na Philbert usimtumie ujumbe. Mchukue mwende naye kisiwani kwa boti moja, mmalizane hukohuko majini, ambako hakuna wa kususa akaondoka.