Aabo na Maua ya Tampere

Iftin, Garissa
28 Septemba 2023

Abaayo Kowsar,

Assalamu alaikum. U mzima huko ughaibuni kwenye baridi yako? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Joto la Garissa unalijua, sina haja ya kukuhadithia.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Ukipiga, Aabo hasikii, baba yetu masikio yamezeeka, mimi napaza sauti, mtandao unakatika, na tukimaliza sote tumechoka na hakuna aliyesema neno. Barua ukiipiga picha na kunitumia kwa simu, nitamsomea polepole. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha mdomo tu, kalamu nilifundishwa shuleni kwa Kiswahili, na wewe vilevile. Nikimsomea nitamgeuzia Kisomali.

Aabo hajambo na ana jambo. Tangu ng'ombe wake waishe kwa ukame kule Ijara na mimi nikamleta mjini, amelala tu. Daktari amempima miguu, akasema haina kitu. Sukari yake si mbaya. Lakini hainuki. Namwosha, namlisha, naenda kufundisha, narudi mchana mbio kumgeuza, narudi tena darasani. Mume wangu Diriye yuko Liboi na biashara yake, anakuja nyumbani mara mojamoja. Binti yangu Ramlo ananisaidia akitoka shule, lakini ni mtoto.

Tuandikie chochote. Si lazima kiwe kikubwa. Aabo haulizi habari za mtu yeyote siku hizi, labda ataulizia zako.

Dadako,
Istahil


Tampere
3 Oktoba 2023

Dada Istahil,

Wa alaikum salaam. Nimeisoma barua yako nikiwa bado na koti, sikungoja hata kukaa. Nyote mko kwenye dua zangu. Mimi ni mzima, ila usingizi haunitoshi. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wauguzi wawili wameacha, na zamu zao tumegawiwa sisi tuliobaki. Kutwa nzima nageuza watu vitandani kama unavyomgeuza Aabo, kisha narudi kwenye chumba ambacho hakina wa kugeuzwa.

Unataka vitu vidogo, basi nitakupa. Hapa ni vuli. Miti ya barabarani imekuwa myekundu na ya manjano kwa pamoja, halafu inaanza kujivua majani. Watu hapa vuli ikiingia hurudi ndani. Wanawasha mishumaa, wanaoka mikate ya iliki (naapa, iliki kama ya chai yetu), na wanaanza kushughulikia mimea ya nyumbani. Mimi pia nimeambukizwa. Nina mshubiri kwenye bati la maziwa, na nina ua moja kubwa lenye majani mapana yaliyotoboka matundu. Nilipewa na jirani yangu, mama mmoja mzee wa ghorofa ya chini. Nikitoka zamu ya asubuhi nayafuta majani vumbi kwa kitambaa chenye maji, moja moja, na kwa muda huo sifikirii chochote. Ndiyo starehe yangu, usinicheke.

Mwambie Aabo namsalimu sana.

Mdogo wako,
Kowsar


Iftin
9 Oktoba 2023

Abaayo,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumai umepata japo siku moja ya kulala.

Sikiliza jambo. Nilimsomea Aabo barua yako baada ya asri. Alikuwa ameelekea ukutani kama kawaida. Nilipofika kwenye ua, akageuza kichwa.

"Anasema mti uko ndani ya nyumba?"

"Ndiyo, Aabo. Kwenye chombo."

"Na majani yana matundu?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Kuna kitu kinayala. Mwambie aangalie upande wa chini wa jani. Na kwa nini hakumfukuza huyo mdudu?"

Nikamwambia pengine ndivyo lilivyoumbwa. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, kisha akacheka, Kowsar! Akacheka mpaka akakohoa. Ramlo alikuja mbio kutoka jikoni akidhani kuna msiba.

Sasa anataka kujua: mti huo unakunywa mara ngapi? Unapewa jua? Na huo mshubiri wa nini, una tumbo la kuuma? Umjibu mwenyewe.

Habari yetu nyingine ni mbuzi. Jirani yetu Jelle alimkuta mwanambuzi barabarani, mama yake amegongwa na lori. Akatuletea, eti nyumba yetu ina mfugaji. Namnyonyesha kwa chupa. Kana kwamba nilikuwa nakosa wa kumlisha.

Dadako,
Istahil


Tampere
20 Oktoba 2023

Dada yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa Ramlo na kwa huyo mgeni wa chupa. Nisamehe kuchelewa. Niliporudi kutoka kazini kila siku nilikaa kitini nikiwa na nia ya kuandika, na nikaamka shingo inauma.

Msomee Aabo: Aabo, nimegeuza majani yote, hakuna mdudu. Limezaliwa na matundu yake. Linakunywa mara moja kwa juma, kama ngamia. Jua hapa ni haba, linachomoza kama mtu aliyeitwa kwa nguvu na kuondoka kabla ya chai, kwa hiyo nalisogeza dirishani asubuhi na kulirudisha jioni ili baridi ya kioo isiliunguze. Mshubiri ni wa mikono yangu. Kazi yetu ni kunawa kila dakika, ngozi imepasuka.

Kuna na paka, Aabo. Ni wa yule jirani, mnene, rangi ya tangawizi. Anapanda ngazi, anakwaruza mlango wangu, anaingia bila hodi na kulala juu ya kipasha joto. Hali kwangu, hanijali, ila yupo. Nikisikia anakoroma, chumba kinakuwa nyumba.

Na sasa wewe peke yako, Istahil, hii usimsomee. Nimechoka mpaka mifupa. Kuna asubuhi niliyokaa kwenye ngazi nikiwa na viatu mkononi na sikujua nitavivaaje. Kisha nikakumbuka Aabo ameuliza kama ua limekunywa. Nikarudi ndani kulipa maji, na kwa kuwa nilishasimama, nikaenda kazini.

Mdogo wako,
Kowsar


Iftin
6 Novemba 2023

Abaayo Kowsar,

Salaam. Leo ni fupi.

Deyr, vuli yetu ya mvua, imefika, na si vuli ya kupukutika majani kama yako. Mvua haijui kupumzika. Barabara ya Nairobi imekatika, soko limepanda bei, maji yameingia uani na mbuzi tumemleta ndani. Paa la chumba cha Aabo linavuja, kwa hiyo tumemhamishia sebuleni, na mimi nalala sakafuni kando yake. Anaulizia barua. Nilimsomea ile ya paka mara nne. Anasema paka anayelala kwa mtu bila kula ni mpelelezi.

Mwili wangu unauma, nafikiri ni baridi ya sakafu. Nitaandika vizuri mvua ikipungua.

Istahil


Tampere
14 Novemba 2023

Dada,

Assalamu alaikum. Mwili unaumaje? Una homa? Tafadhali nenda ukapimwe, mbu wa mafuriko si wa kuchezea. Theluji ya kwanza imeanguka hapa. Mwambie Aabo ua limetoa jani jipya, limejikunja kama karatasi ya kashata.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mdogo wako,
Kowsar


Tampere
27 Novemba 2023

Istahil,

Nimepiga, simu imezimwa. Diriye naye anasema yuko Liboi, njia imefungwa na maji, na hata yeye hakupati. Sijui nimwandikie nani mwingine. Kazini leo nilimwosha bibi mmoja mgongo na nikagundua ninamwita kwa jina lako.

Andika. Nakuomba.

Kowsar


Iftin
5 Desemba 2023

Abaayo Kowsar,

Assalamu alaikum, na nisamehe kwa hofu niliyokutia. Niko hai, na laini yangu nimeitia kwenye simu ya Jelle. Simu ilikufa kwa maji, na mimi karibu niifuate.

Ilikuwa malaria, tena kali. Nilianguka nikiwa namkorogea Aabo uji. Ramlo aliniburuta mpaka kwenye mkeka. Jelle na mkewe walinipeleka zahanati kwa mkokoteni wa punda maana gari haliwezi kupita, nikapewa dawa, nikarudishwa. Baada ya hapo nakumbuka vipande vipande.

Nakumbuka mkono uliokuwa unanishika kichwa na kuninywesha. Nilidhani ni mke wa Jelle. Nilipofungua macho vizuri, alikuwa Aabo. Amesimama! Ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kikombe mkononi mwingine, kikoi chake kimelowa maziwa. Nikasema, "Aabo, utaanguka."

Akasema, "Kunywa. Aliyelala mmoja anatosha."

Ramlo ananiambia aliinuka siku ileile niliyoanguka. Alitambaa kwanza. Kisha akasimama. Alimfundisha Ramlo kuwasha jiko kwa kuni mbichi, akampa mbuzi chupa, akakaa karibu na kichwa changu na kunisomea Kurani aliyoihifadhi. Mtu ambaye daktari alisema miguu yake haina kitu, na mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kumwona marehemu.

Nilipopata nafuu, alirudi kitandani. Sasa kifua kinambana na anachoka upesi, ila asubuhi hudai apelekwe mlangoni amwone mbuzi. Ile tabia ya kuelekea ukutani imekwisha.

Kowsar, nina neno na nitalisema kabla sijalionea haya. Nimepona malaria. Kilichobaki si malaria. Darasani nasahau majina ya watoto. Aabo akiita, kuna sekunde moja natamani asingeita, kisha najichukia mchana kutwa. Sikuombi utume chochote, wala ushauri siutaki. Njoo ukae na babako niende mahali nikalale.

Dadako,
Istahil


Tampere
8 Desemba 2023

Dada Istahil,

Wa alaikum salaam. Alhamdulillahi kwa uhai wako. Nimelia kwenye stoo ya mashuka hadi wakaja kunitafuta.

Nilimwendea mkubwa wangu leo. Nilimwambia nahitaji mwezi mmoja au zaidi. Akasema wakati huu haiwezekani, na nikiondoka katikati ya ratiba hawezi kunihakikishia kazi nikirudi. Si mtu mbaya, naye macho yake yamevimba kama yangu. Nikamwambia, "Nimewageuza baba za watu miaka tisa." Sikupanga kulisema. Akaniambia nijaze fomu ya likizo bila malipo, yatakayotokea yatatokea.

Ua na mshubiri nitampelekea jirani. Ameahidi kunipa mkate wa iliki nile njiani. Nakuja mwezi wa kwanza.

Mdogo wako,
Kowsar


Iftin
16 Januari 2024

Dada Istahil,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kutoka kwenye mkeka wako, huku wewe uko Ijara kwa shangazi yetu, Eedo Arbia. Mambo yamepinduka kweli. Mzima? Eedo hajambo? Alipokuja kukuchukua hapa uani ulikuwa na uso wa mtu anayetoroka, hukugeuka hata mara moja kutupungia.

Aabo hataki uji wangu. Anasema Istahil hupoza kwanza. Nikipoza, anasema umekuwa barafu. Akiniita naenda, nikifika anasema hakuniita. Nimeuguza wazee miaka yote hiyo, nikidhani kazi hii naijua. Kule saa zikiisha navua sare. Hapa navua nini? Jana Ramlo alinikuta nimesinzia nimesimama, nimeegemea mlango wa choo.

Anauliza nani anayanywesha maua. Nimemwambia jirani. Akasema, "Umemwachia mtu mwenye paka mpelelezi?" Halafu akanishika mkono wangu uliopasuka, akautazama. Hatujakaa hivyo tangu nikiwa mdogo. Sitaidanganya nafsi yangu, anapungua. Anakula vijiko vitatu, anachoka. Lakini amenitaka nimwambie kila kitu cha vuli ya huko, majani, mishumaa, hata giza, na anafumba macho akisikiliza.

Ulisema utarudi Jumamosi. Ulifanyaje haya peke yako? Nijibu, nataka kujua.

Mdogo wako,
Kowsar


Ijara
24 Januari 2024

Abaayo Kowsar,

Wa alaikum salaam. Eedo anakusalimu.

Nimelala. Siku ya kwanza niliamka alfajiri, nikasali, nikaenda jikoni kutafuta wa kumlisha. Eedo akaniondoa kwa mkono kama ndama aliyeingia pasipo pake. Nikarudi kulala. Nilipoamka tena jua lilikuwa limepanda, ndama wanalia uani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananililia mimi. Nilikaa pale nikisikiliza. Kisha nikalala tena.

Uliniuliza nilifanyaje. Sikufanya vizuri, abaayo. Nilifanya tu.

Aabo akikataa uji, mpe maziwa yaliyochemshwa na tangawizi kidogo, usimwulize kwanza. Akiita na kusema hakuita, kaa tu hapo.

Jumamosi imepita, umeiona. Mwambie Aabo nitakuja. Usimwambie lini, maana mimi mwenyewe sijui.

Dadako,
Istahil