Beseni la Soksi

Iringa, Alhamisi, Juni 1956

Kumbe ananificha. Kila nikimuuliza Mzee Kalinga kama mguu wa mti niliomtengenezea unamuumiza, jibu ni lile lile: "Hauna neno, fundi. Mkanda unashika vizuri."

Leo nimepita kwake Ilula bila taarifa. Mkewe alikuwa anafua soksi za sufu, zile Mzee anazovalisha kigutu cha paja kabla ya kukiingiza kwenye tundu la mguu. Maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Usimwambie umeona," mama akaninong'oneza. "Anasema fundi umehangaika sana, tukilalamika tutakuvunja moyo."

Nimekasirika, halafu nikaona haya. Nilimpima asubuhi ya baridi, paja limenywea. Mchana linavimba, mdomo wa tundu unakata nyama. Na mimi nikamkazia mkanda wa kiunoni ili mguu usichomoke! Nilimfunga kwenye kisu.

Nikaingia ndani kwa Mzee, nikamwomba mguu, eti niupake vanishi. Akaufungua upesi, akafumba macho, akanishukuru.

Kesho naupanua mdomo. Ila nikimrudishia, sitamuuliza yeye tena. Nitaomba kuona beseni.